AI Inaskiza Kikohozi Kusaka TB: Chanuka Vile Inafanya Kazi na Mahali Inaweza Kukuangusha

Uko kwa mat asubuhi ukielekea tao. Madirisha yote yamefungwa juu ya baridi. Msee wa kiti ya nyuma anakohoa. Anatulia kidogo, halafu anakohoa tena, na hii ya pili inatoka ndani kabisa. Mama aliye mbele yake anavuta leso kwa pua. Kondaa anaendelea kuitisha fare kama hakuna kitu. Wewe nawe unajiuliza kimoyomoyo: hiyo ni homa ya kawaida ama ni ile ingine?

Ukiuliza hivyo, sikio lako tayari limeanza kupima. Tumezoea. Mama mzazi anajua kikohozi cha mtoto wake cha vumbi na kile cha kumpeleka hospitali. Daktari anaweka steteskopu kwa mgongo anakuambia "vuta pumzi, achilia." Hiyo kitu ilianza Paris mwaka wa 1816, wakati daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa kama paipu ili askize kifua cha mgonjwa.

Sasa kuna wanasayansi wanafunza kompyuta kufanya kazi hiyo ya sikio, na simu ndiyo inashika sauti. Sehemu ya hiyo kazi imefanyika hapa hapa Nairobi. Ni habari poa, lakini kuna mahali watu wanaweza kuingizwa box vibaya sana. Soma hadi mwisho ndio ujue ya kuamini na ya kuacha.

Kwani kikohozi kina siri gani?

Kukohoa si kelele tu. Kwanza unavuta hewa ndani. Halafu koo inajifunga na misuli ya kifua na tumbo inakaza, hewa inabanwa huko ndani. Mwisho koo inafunguka ghafla na hewa inatoka kwa kasi. Hiyo yote inaisha haraka kuliko vile unaweza kusema "pole."

Sasa fikiria hewa hiyo ikipita njiani. Kama njia imejaa makohozi, sauti inabadilika. Kama mirija imebana, vile inavyofanya kwa mtu wa pumu, inabadilika kivingine. Kama mapafu yamechimbwa mashimo, kitu ambacho TB iliyokaa sana inaweza kufanya, hewa inapita mahali ambapo haikuwa ikipita. Wazo zima la hii teknolojia ni kwamba ugonjwa unaacha alama kwa sauti, hata kama sikio lako na langu haliwezi kuishika.

Kuongea pia kuna habari ndani yake. Mtu mwenye kifua kibaya anakata sentensi katikati ndio apumue. Ndio maana watafiti wengine hurekodi watu wakisoma sentensi ama wakitoa pumzi kwa nguvu.

AI inaskiza aje?

Wengi hudhani kompyuta inaskia kama binadamu. La. Mara nyingi sauti inageuzwa kuwa picha kwanza. Chukua sekunde moja ya kikohozi, ichore: huku muda, huku sauti nzito hadi nyembamba, na rangi inaonyesha nguvu iko wapi. Unapata picha yenye madoadoa na mistari.

Halafu unaonyesha kompyuta maelfu ya picha hizo. Hizi ni za watu ambao maabara ilithibitisha wana TB. Hizi ni za watu wanaokohoa kwa sababu zingine. Inalinganisha, inakosea, inarekebishwa, inarudia tena na tena hadi inaanza kutofautisha. Hakuna mtu anayeiambia "angalia hapa." Inatafuta tofauti yenyewe.

Kumbuka hiyo point: inatafuta tofauti *yoyote*. Hapo ndipo shida yote inatokea, na tutarudi hapo.

Kazi iliyofanywa Nairobi

Watafiti wa KEMRI wakishirikiana na wale wa University of Washington ya Marekani walirekodi vikohozi vya karibu watu 200 hapa Nairobi. Wengi wao walikuwa na TB ya mapafu, waliobaki walikuwa na magonjwa mengine ya kifua. Matokeo yalichapishwa 2024 kwenye jarida la Science Advances.

Kitu cha maana ni vile walirekodi. Hawakutegemea tu ile ya "hebu kohoa kidogo." Waliacha watu wakohoe wenyewe, vile kikohozi kinakuja, wakapata karibu vikohozi 33,000 vya aina hiyo. Vile vya kulazimisha vilikuwa kama 1,600 tu. Tena wagonjwa wote walirekodiwa kwa mazingira yaleyale, ndio kompyuta isije ikajifunza kelele ya chumba badala ya kifua. Maikrofoni zilikuwa za aina tofauti, na ya simu haikuaibika hata kidogo.

Basi ilipata aje? Kwa lugha ya mtaa: kati ya watu 10 wenye TB, ilishika kama 7. Watatu iliwapita.

Na ilifanya vizuri zaidi kwa wale wenye bakteria wengi kwa makohozi ama mashimo kwa mapafu. Hiyo inamaanisha nini kwako? Inaskia vizuri waliozidiwa. Yule ambaye TB imemwanza juzi, ambaye ndiye tungependa sana kumpata mapema, anaweza kuipita bila kuskika.

Saba kwa kumi si mchezo kwa kitu inayotumia maikrofoni ya simu. Lakini kama ni wewe uko kwa wale watatu, hiyo asilimia haikusaidii.

Wakubwa pia wameingia

Google ilitangaza mtambo wake wa sauti unaoitwa HeAR mwaka wa 2024. Ulifunzwa kwa vipande karibu milioni 300 vya sauti vya sekunde mbili mbili, na karibu milioni 100 kati ya hivyo ni vya kukohoa. Kampuni ya Salcit ya Hyderabad, India, ilikuwa tayari na programu yake ya kuchambua kikohozi inayoitwa Swaasa, ikasema itatumia HeAR kuboresha kazi ya TB. Pfizer nayo ilinunua ResApp ya Australia mwaka wa 2022, kampuni iliyokuwa ikichambua vikohozi kwa simu.

Majirani wetu pia wako ndani. Kulikuwa na shindano la kimataifa la CODA TB, ambapo wataalamu wa data walipewa vikohozi vya watu zaidi ya 2,000 kutoka nchi saba wajaribu kutambua wenye TB. Uganda, Tanzania, Madagascar na Afrika Kusini zilikuwa kwa hiyo orodha.

Kwa nini kila mtu anakimbilia TB? Juu TB bado inaua vibaya. WHO inasema mwaka wa 2023 peke yake iliua watu karibu milioni 1.25 duniani. Na ina tiba! Robert Koch alitangaza bakteria wake tarehe 24 Machi 1882, na dawa zimekuwepo kwa miongo mingi. Kenya iko kwa orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulionyesha kwamba karibu watu 4 kati ya 10 wenye TB nchini walikuwa hawagunduliwi.

Hao wanne ndio kiini cha hii story yote. Wanapanda mat, wanalala chumba kimoja na watoto, wanaenda job, na hawajui. Shida kubwa ya TB Kenya si dawa tu. Ni kumpata mgonjwa.

Ile aibu ya Covid

Kabla uanze kushangilia, skia hii. Mwaka wa 2020, Covid ikiwa imeshika dunia, watafiti wa MIT, Marekani, walisema AI yao inaweza kutambua Covid kwa kikohozi cha simu kwa usahihi wa 98.5% kwa waliothibitishwa kuwa nayo. Vichwa vya habari vikawaka dunia nzima. Kila mtu akangoja hiyo apu.

Halafu Uingereza ikaamua kupima hii maneno vizuri. Walikusanya sauti za watu 67,842. Wote walikuwa wamefanyiwa kipimo cha maabara, na 23,514 kati yao walikuwa na Covid. Matokeo yalichapishwa 2024 kwenye Nature Machine Intelligence.

Mwanzoni AI ilionekana moto. Kwa kipimo ambacho 1 ni kujua kila kitu na 0.5 ni kurusha shilingi, ilipata karibu 0.85. Halafu wakafanya kitu rahisi: wakalinganisha watu wanaofanana. Umri sawa, jinsia sawa, dalili sawa, mmoja ana Covid na mwingine hana. AI ikaanguka hadi karibu 0.62. Hapo umekaribia shilingi kabisa.

Nini ilifanyika? Kompyuta ilikuwa haijajifunza Covid. Ilijifunza kutambua mtu anayejiskia vibaya. Kwa ile data, wengi waliokuwa na Covid walikuwa na dalili, na wengi ambao hawakuwa nayo walikuwa fiti. Watafiti wakasema wazi kwamba kumuuliza mtu dalili zake kunatosha. Sauti haikuongeza kitu cha maana.

Ni kama mwanafunzi anayepita mtihani kwa kujua mwandiko wa mwalimu. Badilisha mwalimu uone.

Ndio maana ukiskia apu yoyote inajigamba na 95% ama 98%, uliza swali moja: ililinganishwa na nani? Kama ni wagonjwa wa TB dhidi ya watu wazima kabisa, hiyo ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni TB dhidi ya nimonia, pumu, mafua na vumbi ya Eastlands, juu hao wote ndio wako kwa foleni ya kliniki.

Hesabu ya watu 1,000

WHO imeweka kiwango cha kitu inayotumika kuchuja TB kabla ya kipimo chenyewe: ishike angalau 90% ya wagonjwa, na iwaachilie angalau 70% ya wasio na ugonjwa. Tuweke hiyo kwa watu tuone.

Tuseme watu 1,000 wanapita kwa kituo, na 10 kati yao wana TB. Hii ni mfano tu. Apu iliyofika hicho kiwango itashika 9, mmoja ataenda nyumbani akiwa nayo. Kwa wale 990 wasio na TB, 693 wataachiliwa na 297 wataambiwa "nenda ukapimwe" bure.

Kwa hivyo watu 306 wanatumwa kupimwa ndio wapatikane 9.

Unaweza kusema hiyo ni ovyo. Lakini angalia upande wa kliniki: badala ya kupima makohozi ya watu 1,000, wanapima 306. Mahali mashine ni moja na vifaa ni vichache, hiyo ni afueni kubwa. Kwa mfumo wa afya, ni deal poa.

Kwa wewe binafsi, jibu linasoma tofauti. Ukiambiwa "kuna shida", kuna uwezekano mkubwa huna TB, kwa hivyo usianze kuandika wosia. Ukiambiwa "uko sawa", bado unaweza kuwa yule mmoja.

Chukulia hii apu kama baunsa wa klabu. Baunsa anaangalia sura na viatu, anaamua nani asimamishwe. Hajui kama una doo ama umesota. Kuchuja ni kazi ya baunsa. Kupima ni kazi ya maabara.

Mahali simu inaweza kukuangusha

*Hukohoi.* Kuna watu wana TB na hawakohoi kabisa ama wanakohoa kidogo sana. Hakuna sauti, hakuna cha kuskiza. Hapa eksirei inasaidia zaidi, na WHO ilikubali tangu 2021 kwamba kompyuta inaweza kusoma picha za eksirei ya kifua kuchuja TB kwa watu wa miaka 15 kwenda juu.

*Kelele.* Jirani amefungulia spika, nganya zinapiga honi, mtoto analia. Utafiti mwingi ulifanywa kwa chumba kimetulia. Ploti yako haijatulia.

*TB ya mahali pengine.* TB inaweza kuingia kwa uti wa mgongo, tezi ama ubongo. Kikohozi hakitakuambia hiyo.

*Watoto.* Watoto wadogo wenye TB mara nyingi dalili zao si kama za watu wazima, na programu nyingi zimefunzwa kwa sauti za watu wazima.

*Apu za mtaani.* Kuna tofauti kubwa kati ya mtambo ulio kwa utafiti, chini ya wataalamu, na apu umepakua usiku juu jina lake lina neno "AI." Hiyo ya pili inaweza kuwa imefunzwa kwa chochote.

Sauti yako pia ni mali

Ukikohoa kwa simu ya mtu, umempea kitu. Sauti yako inaweza kukutambulisha, na ukiongeza habari ya ugonjwa, hiyo ni siri nzito. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya kwa kundi la data nyeti. Una haki ya kuambiwa sauti inatumika kufanya nini, na ukiona imetumiwa vibaya unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data.

TB pia bado ina aibu mtaani. Kuna watu wamefukuzwa kwa nyumba ama job juu mtu alinong'ona. Kabla ya kubonyeza "kubali," soma: rekodi inakaa wapi, nani ataiskiza, unaweza kuifuta? Kama hawasemi, wachana nayo.

Ukiwa unakohoa leo, fanya hivi

Usingoje apu. Dalili za kuangalia ni kikohozi, homa hasa jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda bila kujaribu, kuumwa na kifua, na makohozi yenye damu. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe. Kama unaishi na HIV, ama kuna mtu kwa nyumba ana TB, usingoje hata hizo wiki mbili.

Kituo cha afya cha serikali watakuomba makohozi. Toa yale ya ndani ya kifua. Mate tu hayasaidii. Kuna mashine ya GeneXpert inayotafuta chembe za bakteria wa TB na inaweza kutoa jibu kwa muda wa chini ya saa mbili ikianza kazi. Pia inaonyesha kama huyo bakteria anasumbua dawa ya rifampicin. Hakuna apu ya kikohozi inayoweza kukuambia hiyo. Kipimo cha makohozi na dawa za TB ni bure kwa vituo vya serikali.

Ukipatikana nayo, TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Wengi huskia nafuu baada ya wiki chache wakaacha dawa, na hapo ndipo TB sugu inazaliwa. Maliza dozi. Watu mnaoishi nao pia wapimwe.

Acha kujitibu kwa kemisti kila wiki. Tangawizi na ndimu ni tamu, hakuna ubaya, lakini haziui TB. Na kuna antibiotiki zinazoweza kupunguza dalili kwa muda, ukadhani umepona, kumbe umechelewa tu kugunduliwa.

Kama ni mtoto anakohoa, kuna kipimo hakihitaji AI yoyote. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 ama zaidi, ama wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano akifikisha 40 ama zaidi, hiyo inaweza kuwa nimonia. Mpeleke mara moja. Kifua kikiingia ndani akipumua ama akikataa kunyonya, usihesabu, kimbia.

Kwa hivyo, tuiamini ama tusiiamini?

Iamini kwa kazi yake. Siku mhudumu wa afya wa mtaa atabisha kwa mlango wako akiwa na simu aseme "kohoa hapa," na hiyo programu iwe imepimwa vizuri kwa watu kama sisi, kohoa. Ikisema nenda, nenda. Inaweza kumpata msee ambaye hakuna mtu mwingine angemtafuta, na kati ya wale wanne wanaokosekana kila kumi, hata mmoja akipatikana mapema ni nyumba nzima imeokolewa.

Lakini ikikuambia uko sawa na wewe bado unakohoa usiku, unaloa jasho na suruali imeanza kuanguka kiunoni, usibishane na mwili wako juu ya simu. Funika mdomo kwa kiwiko, fungua dirisha la mat, na upitie kliniki. Makohozi kwa kikopo ndio yataamua.